Betri na Giaboksi ya Pikapu: Kupima Kabla ya Kuhukumu

Tangu Toyota ilipotoa Hilux ya kwanza mwaka 1968, pikapu imekuwa katika Afrika ya Mashariki chombo cha mkulima, cha mchuuzi wa samaki, cha mkandarasi na cha zahanati ya kijijini, na aghalabu gari lililoundwa kubeba kadiri ya tani 1 hubebeshwa kupita kiasi hicho, likavushwa mchanga, tope na mito, kisha likatarajiwa asubuhi ya pili kuwaka mara tu ufunguo uzungushwapo. Likikataa kuwaka, lawama huiangukia betri. Likikataa kuingia gia, lawama huiangukia giaboksi. Na kwa kuwa vyote viwili ni vya thamani kubwa, na vyote viwili vimefunikwa hata mwenye gari haoni kilichomo ndani, hukumu hupitishwa upesi, betri mpya ikanunuliwa au giaboksi ya mtumba ikaletwa, na haupiti muda maradhi yale yale yakarejea. Nimeona betri nzima zikitupwa na giaboksi zisizo na ila zikishushwa chini, na mara nyingi chanzo cha taabu, kilipotafutwa kwa subira, kilikuwa kitu kidogo kando yao: kichwa cha waya kilicholika, mafuta ya klachi yaliyopungua, au utepe wa shaba uliosahauliwa na fundi aliyetangulia.

Tuanze na betri. Betri ya risasi na tindikali, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, haijageuka sana katika misingi yake. Ndani ya kasha mna seli 6, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi, na kwa hiyo betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya nguvu zake, na ikishuka chini ya 12 imekaribia kuwa tupu. Neno la kuzingatiwa hapa ni kutulia, maana betri iliyotoka kuchajiwa muda huo huo hubeba volti za juu juu zisizo na kitu nyuma yake, na mwenye kupima hana budi kungoja saa kadhaa, au kuwasha taa kubwa kwa dakika moja au mbili kisha kuzizima, ndipo mita itoe ushahidi wa kweli. Betri inayosimama kwenye volti 10.5 hivi hata baada ya kuchajiwa usiku kucha imepoteza seli moja, na hiyo haina dawa. Ikiwa ni ya aina yenye vifuniko, haidromita itakuonyesha seli yenyewe: tindikali ya betri iliyojaa husoma karibu 1.28, ya betri tupu karibu 1.12, na seli moja ikipungukiwa na wenzake kwa 0.05 ujue ndiyo mgonjwa.

Watu wa pwani hulalamika kwamba betri zao hazidumu, nao wana haki, kwani joto huharakisha kulika kwa mabamba ya risasi, na kadiri ijulikanayo na wataalamu ni kwamba kila joto lizidipo kwa nyuzi 10 za sentigredi umri wa betri hupungua kwa nusu hivi. Joto hilo hilo hukausha maji yaliyomo, na maji yakishuka hata mabamba yakabaki wazi, sehemu iliyo wazi hufa. Kinachotoweka ni maji, si tindikali, na kwa hiyo kinachoongezwa ni maji safi ya betri peke yake. Yule anayeongeza tindikali akidhani anaipa betri nguvu anaikatia siku zake. Betri iliyoachwa tupu kwa majuma nayo huota juu ya mabamba yake salfeti ngumu isiyoyeyuka tena kwa kuchajiwa, na hii ndiyo sababu pikapu inayolala bila kazi huharibu betri kuliko pikapu inayotembea kila siku.

Baada ya kujua hali ya betri ikiwa imetulia, sharti ipimwe ikiwa kazini. Fundi mmoja apige stata, mwingine aangalie mita iliyoshikwa juu ya vichwa vya betri vyenyewe: betri njema haishuki chini ya volti 9.6 wakati stata inapozunguka. Ikishuka mno, betri ni dhaifu, au stata inakula umeme kupita haki yake. Lakini ikiwa betri imesimama imara kwenye volti 11 na ilhali stata inajikokota, basi umeme unapotelea njiani, na hapo ndipo mafundi wengi hupotea nao.

Umeme hutoka upande chanya wa betri ukapita katika waya mnene mpaka kwenye stata, na hauna budi kurejea upande hasi kwa kupitia chuma cha injini na ule waya au utepe wa shaba ambao mafundi huuita athi. Injini na giaboksi hukaa juu ya mipira, na mipira haipitishi umeme; utepe ule ukikatika, au ukiota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari, injini inakuwa imetengwa na betri. Stata ya injini ya dizeli huvuta ampea 200 na zaidi, na kwa kadiri hiyo ya umeme, kizuizi kidogo cha omu 0.01, ambacho jicho haliwezi kukiona wala taa ndogo ya kupimia haiwezi kukifichua, hula volti 2 nzima.

Niliwahi kuletewa pikapu kuukuu ya dizeli ambayo klachi yake ilikuwa imetoka kubadilishwa katika gereji nyingine, na tangu siku hiyo imekuwa nzito kuwaka, hata mwenyewe akanunua betri mpya, na ile mpya nayo akaipeleka irudishwe kwa madai kwamba ni mbovu. Kijana wangu alipozungusha ufunguo, stata iliguna mara mbili ikanyamaza, na mimi niliyekuwa nimeinama juu ya injini nikaona ganda la plastiki la kebo ya akselereta likilegea na kutoa moshi mwembamba. Tuliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, stata ikapigwa tena kwa nukta chache, na mita ikapanda kupita volti 3, mahali ambapo haikupasa kuzidi 0.2. Utepe wa athi, ambao katika gari lile ulifungwa kwenye gamba la giaboksi, ulikuwa ukining'inia chini, haukurudishwa giaboksi ilipopandishwa. Na umeme, uliokosa njia yake halali, ulikuwa ukirejea kwa kebo nyembamba ya akselereta. Bolti moja na msasa kidogo vilimaliza shauri lote, na ile betri iliyoshutumiwa iliendelea na kazi.

Kisa hicho nakileta pia kwa sababu ya giaboksi. Umeme usio na njia hutafuta kila penye chuma kinachogusana: hupita katika kebo za gia, hupita katika propela, na ukivuka katika beringi huruka cheche ndogo kati ya gololi na njia yake, ukachimba vishimo ambavyo siku za mbele huja kusikika kama mvumo. Mwenye gari akija kulalamika juu ya mvumo huo, nani atakayekumbuka utepe wa shaba?

Juu ya alteneta sitakawia. Injini ikiwaka, vichwa vya betri visome kati ya volti 13.8 na 14.7, pungufu ya hapo betri haishibi, na zaidi ya hapo inachemka. Ila ipo desturi moja ambayo ningependa ife kabisa, nayo ni ya kung'oa waya wa betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama gari litazimika. Betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya alteneta, na ikiondolewa ghafula volti huruka juu kwa nguvu ya kuua daiodi za alteneta yenyewe, na katika magari ya siku hizi hata kompyuta ya injini, ambayo bei yake ni betri nyingi. Na kama betri ni nzima, alteneta ni nzima, na bado gari likilala siku kadhaa haliwaki, pana kitu kinachonyonya: ampea 0.5 tu, zinazoweza kuliwa na redio au king'amuzi cha wizi kilichofungwa ovyo, hutoa ampea-saa 12 kwa siku, na betri ya ampea-saa 70 humalizika katika siku 5 au 6. Gari lililozimwa lisivute zaidi ya ampea 0.05.

Sasa giaboksi. Jambo la kwanza, na ambalo likifuatwa huokoa fedha nyingi kuliko lolote lingine, ni kuitenga giaboksi na klachi. Zima injini, kanyaga klachi, ingiza gia zote moja baada ya nyingine. Kisha washa injini ufanye vivyo hivyo. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, na zikakataa au rivasi ikasaga ikiwa inawaka, giaboksi haina kosa: klachi haiachii. Mara nyingi kikopo cha mafuta ya klachi kimepungua, au raba za masta ya juu au silinda ndogo ya chini zinavuja, au upepo umeingia katika bomba, na dawa yake ni kutoa upepo na kubadili raba, kazi ya asubuhi moja. Kinyume chake, injini ikipanda mbio na gari lisiongeze mwendo, hasa mlimani na mzigo, klachi inateleza.

Halafu sikio. Gari likiwa fri na injini ikiwaka, mguu ukiwa nje ya pedali, ukisikia mvumo unaonyamaza klachi ikikanyagwa, beringi ya shafti ya kuingilia imechoka. Kelele ikija pale pedali inapokanyagwa na kutoweka ikiachiwa, ni rilizi beringi. Gia moja tu inayosaga wakati wa kuingia, ilhali nyingine ni laini, inaashiria kwamba pete ya shaba ya manjano inayosawazisha mwendo wa gia ile imekwisha. Na gia inayoruka yenyewe gari linapoteremka yaweza kuwa na uma au springi zilizochoka ndani, lakini kabla ya kufungua chochote itazame mipira ya giaboksi, kwa maana mpira uliokatika huiacha giaboksi nzima icheze na kuitoa gia mahali pake.

Kubwa kuliko yote ni oili, na hapa nchi zetu zina maradhi yao mahususi. Giaboksi ina juu yake tundu la kupumulia, kwa kuwa oili ikipata moto hewa iliyomo hutanuka na haina budi kutoka. Pikapu iliyokwenda mwendo mrefu hufika mtoni wakati wa masika giaboksi yake ikiwa ya moto kupindukia. Dereva anaingia majini, chuma kinapoa kwa ghafula, hewa iliyomo ndani inasinyaa, na giaboksi inavuta pumzi chini ya maji. Hunywa maji ya mto kwa tundu lile lile, na kwa sili za shafti ikiwa zimechakaa, na difu nayo hufanya hivyo hivyo. Dereva hajui lolote. Gari linapanda ng'ambo na kuendelea na safari, na maji yanachanganyika na oili mpaka inakuwa nyeupe kama chai ya maziwa, isiyoweza tena kuzuia chuma kisiumane na chuma. Miezi michache baadaye beringi huanza kuimba. Kwa hiyo pikapu inayovuka maji, oili yake ya giaboksi na ya difu ikaguliwe mara mvua zikatikapo, na inafaa tundu hilo liunganishwe mpira mrefu upandishwe juu karibu na sehemu ya injini, kama wafanyavyo wenye magari ya safari za porini.

Anayemwaga oili afungue kwanza bolti ya kujazia kabla ya bolti ya kumwagia, asije akabaki na giaboksi tupu na bolti ya juu iliyogoma. Kisha aichukue oili kidogo kati ya vidole na kuipeleka juani. Vumbi la rangi ya dhahabu ni pete za shaba, na likiwa dogo ni uzee wa kawaida; ute mweusi juu ya sumaku ya bolti nao si wa kutisha; lakini vipande vinavyokwaruza ngozi, vyenye ncha na mng'ao wa chuma, vimetoka katika meno au beringi, na giaboksi hiyo isitembezwe tena mpaka ifunguliwe. Oili mpya iwe ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari, ijazwe mpaka mdomo wa tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawa.

Zimebaki pikapu za otomatiki, ambazo zimeongezeka barabarani, na ndizo zinazofungamanisha habari hizi mbili kuliko zote. Ndani yake valvu za umeme huamrishwa na kompyuta, na volti zikiyumba, iwe kwa betri iliyochoka au kwa athi yenye kutu, kompyuta hupokea habari zisizo sahihi, ikajilinda kwa kuing'ang'ania gia moja na kuwasha taa ya onyo, na mwenye gari akaambiwa kwamba giaboksi imekufa. Vichwa vya betri visafishwe, athi ipimwe, alteneta ipimwe, makosa yaliyohifadhiwa katika kompyuta yafutwe, na gari liendeshwe kwa utaratibu mpaka kompyuta irudie mazoea yake. Gia zikizidi kugonga hata baada ya hapo, volti zikiwa zimethibitishwa, oili ya giaboksi itazamwe: ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani za ndani zimekwisha, na giaboksi hiyo ndiyo inayostahili kushushwa.