KIJIJI KILICHOKATAA KUKIMBIA TAUNI

Tuseme ukweli. Ugonjwa mbaya ukiingia mtaani kwenu leo, wewe utabaki? Mimi najijua. Jogoo atawika nikiwa stendi zamani, begi mkononi!

Ndiyo maana nilipokwenda Sheffield, Uingereza, kumtembelea binamu yangu, na akanipa stori ya kijiji ambacho watu wake walijifungia na kifo ndani, sikumwamini. Akaniambia, "Twende ukaone." Tukadandia basi.

Kijiji chenyewe kinaandikwa Eyam, kipo vilimani huko Derbyshire. Wenyewe wanatamka "Iim". Ukisema "Eyamu" utachekwa, mimi yalinikuta.

Kwa macho tu huwezi kujua kama pale paliwahi kutokea kasheshe. Nyumba za mawe, maua madirishani, bibi vizee wanakunywa chai taratibu. Halafu unasogelea vibao vilivyo mbele ya nyumba za jirani na kanisa. Unasoma: fulani alifia hapa, na mwanawe, na jirani yake. Na watu wanaishi humo hadi leo, mapazia yananing'inia! Mimi nisingepata usingizi.

Basi bwana, mambo yalianza 1665. Fundi nguo mmoja, Alexander Hadfield, aliletewa robota la vitambaa kutoka London, ambako tauni ilikuwa inafyeka watu. Vitambaa vilikuwa vibichi, msaidizi wake George Viccars akavianika karibu na moto. Inaaminika humo ndani mlikuwa na viroboto wenye tauni. Septemba 7 jamaa akazikwa, na baada yake wengine wakafuatana.

Kufika Juni 1666 watu wakaanza kufungasha. Hapo ndipo alipojitokeza mchungaji William Mompesson, kijana ambaye hata 30 hajafikisha, akasema hakuna kutoka, tusiwapelekee wenzetu kifo. Tatizo, alikuwa mgeni na watu hawakumkubali kihivyo. Ikabidi aungane na Thomas Stanley, mchungaji wa zamani aliyeng'olewa 1662 kwa kugomea masharti mapya ya ibada. Mahasimu wawili jukwaa moja! Watu wakakubali. Earl wa Devonshire, bwanyenye wa pale jirani Chatsworth, akaahidi kuwapelekea chakula.

Tukatembea hadi kwenye jiwe la mpaka, njia ya kwenda kijiji cha Stoney Middleton. Lina vitundu sita. Wana-Eyam walitumbukiza hela humo, ndani ya siki ili kuua ugonjwa, watu wa nje wakaja kuzichukua na kuacha chakula. Nikaingiza kidole. Kingo ni laini kabisa.

Ibada nazo zikahamishiwa bondeni, Cucklett Delf, watu wasibanane kanisani. Na hapa ndipo penye ile stori ya kuliza wadada. Emmott Sydall alikuwa binti wa Eyam, mchumba wake Rowland Torre kijana wa Stoney Middleton. Inasimuliwa kwamba walikuwa wakikutana bondeni humo, huyu huku, yule kule, kutazamana tu. Hakuna kushikana hata mkono! Mwishoni mwa Aprili 1666 binti hakutokea. Kijana akaendelea kuja. Kijiji kilipofunguliwa akawa miongoni mwa wa kwanza kuingia, akamkuta mchumba alishazikwa siku nyingi.

Lakini kilichonimaliza mimi ni makaburi ya Riley, nje kidogo ya kijiji, mlimani. Kulikuwa na amri kwamba kila familia izike watu wake yenyewe. Elizabeth Hancock alizika mumewe na watoto sita ndani ya siku nane, Agosti 1666. Alichimba mwenyewe, akawaburuta mwenyewe. Mawe ya kaburi yamezungushiwa ukuta mdogo, upepo unavuma, kondoo wanakula majani. Binamu yangu ana mdomo kama redio, lakini pale alinyamaza.

Mtu wa mwisho alikufa Novemba 1, 1666. Hesabu inayotajwa ni watu 260 katika miezi 14.

Sasa sikia kilichonikera. Kabla kijiji hakijafungwa, mchungaji Mompesson aliwatoa watoto wake wawili akawapeleka Yorkshire! Alitaka na mkewe Catherine aondoke, mama wa watu akagoma. Alibaki kuhudumia wagonjwa, tauni ikamchukua Agosti hiyohiyo. Kaburi lake lipo uani kwa kanisa, karibu na msalaba wa mawe uliochongwa karne ya 8.

Tuligombana palepale kaburini. Binamu anasema mzazi yeyote angefanya vile, na isitoshe jamaa mwenyewe alibaki na kumpoteza mke. Mimi nikamwambia sawa, ujasiri anao, lakini watoto wa Hancock nani aliwatafutia usafiri? Fukara alikuwa aende wapi, na nani angempokea? Kwangu mimi, mashujaa wa Eyam ni wale ambao vibao vinataja majina yao tu, basi.

Binamu alinuna hadi Sheffield. Nauli ya kurudi nikalipa mimi.