MUHULA UGHAIBUNI: Sahihi kwanza, selfi baadaye

UMEZIONA picha zao. Msee mliyekuwa mkikaa naye viti vya nyuma darasani sasa amevaa koti zito, amesimama mbele ya kanisa kuu la Cologne, Ujerumani. Wewe uko kwenye matatu ya kurudi hosteli, jamu haisongi, na unajiuliza: huyu alifanyaje?

Njia ipo, na si ya watoto wa mabwanyenye peke yao. Vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vina mikataba ya kubadilishana wanafunzi na vyuo vya ng’ambo. Mpango unaotajwa sana ni Erasmus+ wa Muungano wa Ulaya, ulioanza mwaka wa 1987 kwa ajili ya Wazungu wenyewe kabla ya kufungulia nchi nyingine milango. Ukichaguliwa, hutozwi karo na chuo kinachokupokea, na unapewa posho ya kila mwezi pamoja na pesa za kukusaidia kusafiri.

Lakini kuna kitu ambacho picha hazionyeshi: yuniti. Unaweza kukaa Ulaya miezi mitano, ufaulu kila mtihani, kisha urudi nyumbani uambiwe na idara yako kwamba haiyatambui masomo hayo. Hapo wenzako wanavaa gauni za mahafali nawe unarudia muhula. Mzazi aliyechukua mkopo wa chama ili upate nauli na koti utamwambia nini?

Dawa yake ni karatasi moja, mkataba wa masomo. Ndani yake mnaandika kila somo utakalofanya huko na yuniti ya huku ambayo somo hilo litaijaza. Unatiwa sahihi na watu watatu: wewe, chuo chako na chuo kitakachokupokea. Mkuu wa idara akikwambia “nenda tu, tutaona ukirudi”, usikubali. Mwombe kwa upole aandike. Maneno ya ofisini husahaulika, na huenda ukirudi ukampata mkuu mwingine kwenye kile kiti.

Ulaya hupima masomo kwa pointi zinazoitwa ECTS. Mwaka mzima ni pointi 60, muhula ni 30, na pointi moja huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30. Piga hesabu: muhula mmoja ni zaidi ya saa 700 za kusoma. Hiyo si likizo, mtu wangu. Na ukifika ukute somo ulilochagua halifunzwi muhula huo, badilisha mkataba mara moja na utafute sahihi zote tatu upya.

Sasa tuseme umepata nafasi Ujerumani. Cha kwanza ni kalenda. Masomo ya muhula wa baridi huanza Oktoba na kuendelea hadi Februari, mwezi ambao mitihani mingi hufanywa. Vyuo vingi vya huku hufungua muhula mwingine Januari. Uliza mapema utaupata vipi muhula huo wa nyumbani, usije ukajikuta unatakiwa katika madarasa mawili, mabara mawili, wiki moja.

Ukiona ratiba imeandikwa “10 c.t.”, somo linaanza saa nne na robo asubuhi, si saa nne kamili. Ikiwa “s.t.”, ni saa nne kamili. Mitihani nayo ina mtego wake: katika vyuo vingi hutoshi kuhudhuria darasani, lazima ujisajili kwa kila mtihani kabla ya siku ya mwisho. Ukichelewa, hufanyi. Na mara nyingi mtihani huo mmoja ndio alama yako yote ya somo.

Alama zenyewe zimepinduliwa. 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, na 5.0 ni kuanguka. Ukipata 1.3 usilie, umetesa! Hakikisha tu transkripti yako imekuja na maelezo ya mfumo huo, asije karani wa huku akaisoma visivyo.

Viza pia usiichezee. Ile ya kawaida ya Schengen ni ya siku 90 tu, kwa hivyo muhula mzima unahitaji viza ya muda mrefu. Tangu Septemba 2024 Ujerumani hutaka uthibitisho kuwa una yuro 992 za kutumia kila mwezi. Barua ya ufadhili inaweza kukusaidia hapo. Usisahau bima ya afya.

Na kujibamba je? Kupo, tena kwa bei ya mwanafunzi. Tikiti iitwayo Deutschlandticket, iliyoanza Mei 2023, inakupandisha mabasi, tramu na treni za mikoa nchi nzima kwa malipo ya mwezi mmoja. Treni za kasi za ICE hazimo. Viza yako ya muda mrefu pia inakuruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen, mradi usizidi siku 90 katika kila 180. Uingereza na Ireland hazimo kwenye mpango huo, kwa hivyo usikate tikiti ya London kwa sababu tu ni karibu.

Ukifika Berlin, ingia makumbusho ya Museum für Naturkunde. Utakuta mifupa ya dinosaria aliyesimama zaidi ya mita 13. Alichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walipokuwa wakitawala huko. Mizigo ya mifupa ilibebwa na Waafrika kwa miguu hadi bandarini. Ukisimama pale chini yake, historia uliyokariri ukiwa shule ya upili inakuwa kitu kingine kabisa. Safari kama hiyo hukai nayo kwenye simu tu, unarudi nayo kichwani.

Kwa hivyo anza mapema, mwaka mmoja kabla ukiweza. Wiki hii pitia ofisi ya uhusiano wa kimataifa chuoni mwako uulize mambo matatu: tuna mkataba na vyuo gani, siku ya mwisho ya kutuma maombi ni lini, na nani hutia sahihi mkataba wa masomo katika idara yangu. Angalia pia kama pasipoti yako bado ina muda. Kama huna, anza nayo, kwa sababu bila pasipoti hayo mengine yote ni stori.