Tairi la "Majira Yote" na Majira ya Dar es Salaam

Meli za magari zinapotia nanga katika Bandari ya Dar es Salaam, kila gari linaloteremshwa huja na matairi ya nchi lilikotoka. Mengi ya magari hayo yamekwisha kutumika Japani, na miongoni mwake zimo saluni zenye injini za nguvu, zipendwazo kwa wepesi wake barabarani. Mnunuzi hukagua injini, rangi na viti. Matairi huyatupia jicho tu; akiona kashata bado ni nene, huridhika. Miezi michache baadaye matairi hayo huwa yamelika upesi kuliko alivyotazamia, naye hujikuta katika maduka ya Kariakoo na Gerezani akitafuta mengine. Hapo ndipo muuzaji humwonyesha tairi linaloitwa la "majira yote".

Jina hilo lina mvuto. Nani asiyetaka tairi la majira yote? Lakini kabla ya kulipa, inafaa liulizwe swali moja: majira ya wapi?

MAJIRA MANNE NA MAJIRA YETU

Katika Ulaya, Marekani ya Kaskazini na Japani ya kaskazini, mwaka una kipindi cha baridi kali, ambapo theluji na barafu hufunika barabara. Kwa sababu hiyo watengenezaji hugawa matairi ya magari madogo katika aina tatu. Tairi la joto hufanya kazi vema pale ambapo hali ya hewa haishuki chini ya sentigredi 7 hivi. Tairi la baridi hufaa chini ya kiwango hicho. Tairi la majira yote ni mapatano kati ya hayo mawili: halishindi lolote katika uwanja wake, ila humwepushia mwenye gari kazi ya kubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka.

Dar es Salaam haina baridi ya namna hiyo. Hata katika mwezi wa Julai, halijoto ya alfajiri haiendi mbali chini ya sentigredi 19. Majira ya mji huu hutofautishwa na mvua: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na vipindi vikavu kati yake. Kwa lugha ya mtengenezaji wa matairi, basi, Dar es Salaam ina majira ya joto mwaka mzima, mara makavu, mara yenye maji mengi.

MPIRA NA JOTO

Mpira mbichi hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa hupata uimara. Salfa hujenga madaraja kati ya minyororo mirefu ya molekuli, ikaizuia isiteleze ovyo. Hata hivyo tabia ya asili haikufutika kabisa. Kila mchanganyiko wa mpira una kiwango cha joto ambapo hushika barabara vizuri zaidi.

Mpira wa tairi la baridi hutengenezwa uwe laini hata juu ya barafu, na uso wake huchanjwa mikato mingi myembamba ili ung'ang'anie theluji. Tairi hilo likiletwa juu ya lami ya Dar es Salaam, ambayo jua la mchana huweza kuipasha kupita sentigredi 50, ulaini huo hugeuka kuwa udhaifu. Kashata huyumba chini ya uzito wa gari, mpira hulika haraka, na breki zikishikwa gari huchelewa kusimama. Tairi la namna hii hutambulikana kwa neno STUDLESS lililoandikwa ubavuni, au kwa picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Katika nchi yetu theluji iko kileleni mwa Kilimanjaro, mahali pasipofikiwa na saluni.

Herufi M+S, zinazoonekana kwenye matairi mengi ya majira yote, humaanisha matope na theluji. Huonyesha umbo la kashata tu, wala si matokeo ya jaribio. Tairi lenye herufi hizo laweza kutumika mjini bila hatari, lakini kwa gari la kasi, tairi la joto lenye mifereji mipana ya kutoa maji ndilo lililokaribia zaidi majira yetu.

HESABU YA KUSIMAMA

Umuhimu wa jambo hili waonekana katika hesabu ambayo mwanafunzi wa fizikia aweza kuifanya mwenyewe. Umbali wa kusimama, tangu breki zishike, ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa mara mbili ya namba ya msuguano na mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani 9.8. Tuchukue mwendo wa kilometa 80 kwa saa, sawa na meta 22.2 kwa sekunde. Namba ya msuguano ikiwa 0.7, gari husimama baada ya meta 36. Ikiwa 0.4, kama inavyoweza kuwa kwa tairi baya juu ya lami iliyolowa, huhitaji meta 63.

Tofauti ni meta 27. Lakini hesabu haikuishia hapo. Mahali ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, gari la pili bado linakwenda kilometa 52 kwa saa. Mtoto anayevuka barabara ya Morogoro mahali hapo yuko mbele ya gari lenye mwendo wa kuua.

Mvua kubwa huongeza hatari nyingine: tairi laweza kupanda juu ya maji na kuelea, usukani usifae kitu. Katika miaka ya 1960 watafiti wa NASA, waliochunguza matairi ya ndege, walionyesha kwamba mwendo wa kuanza kuelea hutegemea upepo wa tairi. Kwa kilometa kwa saa, ni takriban 6.36 mara kipeuo cha pili cha kanieneo kwa kilopaskali. Tairi lenye kilopaskali 220, ambazo ni karibu 32 katika geji ya fundi, huelea karibu kilometa 94 kwa saa. Likishuka hadi 160, huelea karibu 80. Kanuni hii yahusu maji yaliyozidi uwezo wa mifereji. Kwa hiyo tairi lililolika huifikia hatari mapema.

Tairi jipya huwa na mifereji ya milimita 8 hivi, na nchi nyingi zimeweka kikomo cha 1.6. Vinundu vidogo ndani ya mifereji huonyesha kikomo hicho. Wako wanaochonga upya tairi kipara la gari dogo kwa kisu cha moto. Hiyo si dawa: huondoa mpira uliobaki kulinda nyuzi na nyaya za ndani.

KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Tuseme ubavuni pameandikwa 205/55R16 91V. Upana ni milimita 205. Kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo. R ni mpangilio wa nyuzi kama miali. Rimu ni ya inchi 16. Namba 91 yaruhusu mzigo wa kilo 615 kwa tairi, na V mwendo usiozidi kilometa 240 kwa saa. Matairi mengi ya baridi ya Kijapani yana herufi Q, yaani 160. Sheria za barabarani haziruhusu mwendo kama huo, lakini herufi hiyo pia ni kipimo cha uwezo wa kustahimili joto.

Mwisho hutafutwa tarakimu nne baada ya herufi DOT. Tarakimu 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Oksijeni na ozoni hushambulia mpira hata tairi likiwa ghalani, na joto huharakisha kazi hiyo. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5, na liondolewe likifika miaka 10, hata likionekana zima. Kashata nene, basi, si ushahidi wa ujana.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Chukueni rula, mwende kwenye gari la shule au la jirani kwa ruhusa ya mwenyewe. Pimeni kina cha mifereji mahali patatu, someni juma na mwaka, kisha linganisheni upepo na kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Msilisahau tairi la akiba, ambalo mara nyingi ndilo kongwe kuliko yote. Mkimaliza, mwelezeni mwenye gari mliyoyaona, kabla mvua za masika hazijaanza.