Ukungu Nao Una Ukoo

Ndugu msikilizaji, hapa Ilemela, kuanzia Kirumba hadi Buswelu, mahindi yakiota ukungu tunasema neno moja tu: yameharibika. Wataalamu hawaridhiki na neno hilo. Wao huuliza: ni ukungu wa ukoo gani?

Ukoo tunaouzungumzia leo unaitwa Aspergillus. Jina hilo lilitolewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, padri na mtaalamu wa mimea wa Florence, Italia. Alipoutazama kwa hadubini aliona umbo linalofanana na chombo cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani, akaupa jina la chombo hicho.

Ukoo huu umo katika kundi kubwa la kuvu zinazotunza mbegu zake ndani ya vifuko vidogo. Lakini nyingi huzaa pia bila vifuko. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi kuvu moja iliweza kuwa na majina mawili, kila namna ya kuzaa na jina lake. Mwaka 2011 wataalamu walikutana Melbourne, Australia, wakaamua: kuvu moja, jina moja. Ile inayotusumbua zaidi, Aspergillus flavus, vifuko vyake viliripotiwa mwaka 2009 tu.

Je, haya yanamhusu nini mla ugali? Yanamhusu sana. Aspergillus oryzae hutumiwa na Wajapani kutengeneza mchuzi wa soya. Nduguye wa karibu, flavus, hutoa sumukuvu, ambayo hudhuru ini na kuleta saratani. Mwaka 2016 watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa macho matupu huwezi kuwatambua ndugu hao kwa uhakika, na moto wa jikoni hauimalizi sumu.

Basi tusibahatishe. Tuanike mahindi na karanga juu ya turubai, si udongoni, tuhifadhi pakavu, na yaliyoota ukungu tuyatupe. Wala tusiwape kuku. Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula chenye karanga za namna hiyo, na ndipo utafiti wa sumu hii ulipoanza.

Ndugu msikilizaji, debe la mahindi likitupwa litanunuliwa jingine. Ini halina duka.