UTIMILIFU WA MAISHA NA MAANDALIZI YA KIFO: WAJIBU WA KICHUNGAJI KWA WATU WAZIMA NA WAZEE

1. Utangulizi

Katika sharika zetu nyingi huduma kwa wazee huanza wanapougua na huishia makaburini. Watoto wana shule ya Jumapili, vijana wana mafundisho ya Kipaimara na kwaya, wenye ndoa wana semina zao; lakini mtu aliyekwisha kustaafu huachiwa kiti cha mbele kanisani na heshima ya kuitwa mzee. Swali linalomkosesha usingizi halina wa kulishughulikia, nalo ni hili: Je, maisha niliyoishi yametimia, nami nitakufaje? Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba maswali haya mawili hayatengani, na kwamba fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani ndilo linaloyajibu.

2. Elimu ya nafsi yasemaje?

Erik Erikson (1902–1994), mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyefanya kazi Marekani, na ambaye mwaka 1958 alitoa kitabu kizima juu ya ujana wa Luther, aliyagawa maisha ya mwanadamu katika hatua nane. Mgawanyo huo aliutoa mwaka 1950. Hatua ya saba, ya utu uzima, ni ya kuchagua kati ya kulea kizazi kinachofuata na kudumaa. Kulea huku si kuzaa watoto tu: mwalimu, fundi na mkulima anayeacha shamba bora kuliko alivyolipokea, wote hulea. Hatua ya nane, ya uzee, ni ya kuchagua kati ya ukamilifu wa nafsi na kukata tamaa. Mwenye ukamilifu huyatazama maisha yake na kuyakubali kuwa ndiyo yake. Aliyekata tamaa huona muda umekwisha, wala hakuna njia ya kuanza upya.

Mchungaji anayewatembelea wazee atakiri kwamba maelezo haya yana ukweli. Hata hivyo yanaacha pengo. Itakuwaje kwa mtu ambaye, akiyahesabu maisha yake kwa unyofu, anaona hesabu haikubali? Yuko baba aliyewatelekeza watoto, yuko ndugu aliyemdhulumu mjane shamba. Kumwambia ayakubali maisha yake kama yalivyokuwa si faraja kwake, bali ni hukumu.

3. Urithi wetu wa Kiafrika

John Mbiti (1931–2019), katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika jamii zetu nyingi marehemu huhesabiwa kuwa hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Kwa sababu hiyo kuoa na kuzaa ni wajibu mzito: asiye na mtoto hana wa kulihifadhi jina lake. Urithi huu unatufundisha kwamba hakuna utimilifu wa mtu peke yake. Maisha hutimia ndani ya ukoo na jamaa. Lakini nao unawaacha wengine nje: mgumba, mjane aliyezika wanawe wote, mzee ambaye watoto wake wa mjini hawarudi. Kwao Isaya 56:3-5 ni Injili kamili, kwa maana hapo Mungu anawaahidi matowashi jina lililo bora kuliko wana na binti. Jina lililotajwa katika Ubatizo halitegemei kumbukumbu ya wajukuu.

4. Ushuhuda wa Maandiko

Tutaje mifano miwili. Katika 2 Samweli 19, Barzilai Mgileadi, mwenye miaka themanini, anaalikwa na mfalme Daudi kwenda kuishi Yerusalemu. Anakataa kwa adabu: hisi zake zimefifia, naye anataka kufa mjini kwake, karibu na kaburi la wazazi wake. Badala yake anamtoa Kimhamu aende. Hapa hatua zile mbili zimekutana: anaupokea mwisho wake bila uchungu, na anamfungulia njia aliye kijana. Viongozi wanaoshindwa kuachia nafasi hata nguvu zinapokwisha wana la kujifunza kwake.

Simeoni, katika Luka 2, yuko tayari kwenda kwa amani. Luka hataji umri wake, wala hataji kazi yoyote aliyoikamilisha. Utimilifu wake ni mtoto aliyempakata, naye si mwanawe. Ameupokea, hakuuzalisha.

5. Mafundisho ya Luther

Mwaka 1519, akiwa hajafikia miaka arobaini, Luther aliandika hotuba juu ya kujiandaa kufa, kwa ombi la Markus Schart, mshauri wa Mteule Friedrich, lililomfikia kupitia kwa Spalatin. Utaratibu wake unastahili kuzingatiwa. Kwanza, mtu atengeneze mambo ya mali yake ili jamaa wasigombane. Pili, asamehe na kuomba msamaha. Tatu, amgeukie Mungu peke yake. Luther anafananisha kifo na kuzaliwa: mtoto hupita njia nyembamba yenye uchungu, kisha huona ulimwengu mpana.

Tena anafundisha jambo ambalo sisi tumeligeuza. Kifo kitafakariwe wakati kingali mbali. Saa yake ikifika, macho yaelekezwe kwa Kristo, ambaye ndani yake mauti, dhambi na kuzimu vimeshindwa. Sisi hunyamaza mtu akiwa mzima, kisha tunamhoji juu ya dhambi zake akiwa hawezi hata kugeuka kitandani. Kwa Luther, Sakramenti ni ishara ya hakika ambayo anayekufa aweza kuishika, kwa kuwa haitegemei ubora wa maisha yake.

Ndilo jibu la pengo tulilolitaja. Hesabu ya maisha isipokubali, mwamini haambiwi aongeze matendo, wala haambiwi ajidanganye. Anaambiwa kwamba deni limelipwa na mwingine. Kwa hiyo aweza kuyatazama maisha yake yote bila kuficha sehemu yoyote.

6. Hitimisho

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Mosi, wosia uandikwe mapema, nao ufundishwe sharikani kuwa tendo la upendo, si uchuro. Pili, ziara kwa wazee ziwape nafasi ya kusimulia maisha yao, na pale penye jeraha mchungaji awe mpatanishi, tena atangaze ondoleo la dhambi waziwazi. Tatu, maombi ya uponyaji yasizibe njia ya kuzungumzia kifo. Mgonjwa anayeambiwa kila siku kwamba atapona hunyimwa nafasi ya kuaga.

Nasi tunaofundisha na kujifunza theolojia tusidhani kwamba jambo hili ni la wengine. Zaburi ya 90 inamwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu, wala haiwatengi wachungaji. Atakayemsindikiza mwenzake hadi kwenye mlango ule na aanze sasa kuutazama mwenyewe.