Ziwa Mweru na majirani zake: Tulipita na mizigo, hatukutazama

Na Mwandishi Maalumu, Nchelenge

UKIFIKA soko la Kashikishi alfajiri, kitu cha kwanza kukupokea ni harufu ya samaki. Cha pili ni kelele za lugha. Mama wa Nchelenge anataja bei kwa Kibemba, mnunuzi aliyevuka kutoka Kilwa ya Kongo anamjibu kwa Kiswahili, na hakuna anayehitaji mkalimani. Kwacha na faranga zinabadilishana mikono kabla jua halijachomoza vizuri juu ya Ziwa Mweru.

Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tunalijua soko hilo. Tumelipita tukiwa na magunia ya chisense, tumelipita tukiwa na watoto mgongoni. Lakini nikimuuliza mfanyabiashara aliyevuka ziwa hili mara mia moja kama amewahi kuona maporomoko ya Lumangwe, ananitazama kama mtu niliyechanganyikiwa. Simlaumu. Mwandishi wa makala haya aliishi jirani na Lumangwe kwa karibu miaka minane na hakuiona hata siku moja.

Mwaka 2000, nikiwa na miaka 18, nilivuka mpaka na familia yangu wakati vita ilipofika Pweto. Tulipokewa katika kambi ya Kala, wilayani Kawambwa, iliyokuwa imefunguliwa mwaka huohuo. Hapo nilimalizia sekondari, hapo nilishika chaki kwa mara ya kwanza, na hapo mwaka 2007 alizaliwa mtoto wangu wa kwanza. Mwaka 2008 tulirudi nyumbani na msafara wa wanaorejea kwa hiari. Kambi yenyewe ilifungwa mwaka 2010.

Kijana huyo alipofika miaka 17 aliniuliza swali moja mezani: "Baba, kwenye karatasi yangu imeandikwa nimezaliwa Kawambwa. Kawambwa kuna nini?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Nikamweleza foleni ya unga, turubai, bomba la maji na kengele ya shule. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hayo ni ya kambi, baba. Mimi nimeuliza Kawambwa." Mwalimu wa jiografia nikakosa jibu. Ndiyo maana Julai 2024 tuliingia Zambia kupitia Chiengi, tukashuka na barabara ya ufukoni hadi Nchelenge, safari hii bila gunia wala godoro.

Ziwa lenyewe

Tuanze na maji. Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000 na urefu unaozidi kilomita 100, likigawanywa na mpaka wa Zambia na Kongo. Mto Luapula unatoka katika mabwawa ya Bangweulu, unapita maporomoko ya Mambilima na kuingia ziwani upande wa kusini. Mto Kalungwishi unaingia kutoka mashariki. Kule Pweto maji yanatoka kwa jina la Luvua, yanakutana na Lualaba pale Ankoro, na mwishowe ndiyo hayo Mto Kongo unaoyafikisha Atlantiki. Kwa hiyo anayenawa uso Kashikishi ananawa maji ambayo siku moja yatapita Kisangani na Kinshasa.

Uzuri wa ziwa hili unaonekana usiku. Usiku usio na mwezi, wavuvi wa chisense, ambao msomaji wa Kigoma angewaita dagaa, huwasha taa juu ya mitumbwi ili kuwavuta samaki. Ukiketi ufukoni Nchelenge utaona mstari wa taa kana kwamba kuna mji katikati ya maji. Kijana wangu aliuliza jina la mji huo. Mzee mvuvi aliyekuwa akishona nyavu akacheka: "Mji huo, mwanangu, unahamahama. Kesho utakuwa pengine."

Mzee huyo alitueleza pia habari isiyochekesha. Zamani samaki wa sifa hapa alikuwa mpumbu, ambaye wakati wa mvua alipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Nyavu zilitegwa palepale njiani mwake, samaki akiwa na mayai tumboni, na soko la migodi ya shaba ya Katanga likameza kila kilichovuliwa kupitia bandari ya Kasenga. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu alikuwa amekwisha kiasi cha kuacha kuwa biashara. Leo pale, samaki wa chungu cha kila siku, naye anavuliwa mdogo, na vyandarua vya mbu vinageuzwa nyavu. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari. Mfanyabiashara anayelalamikia miezi hiyo mitatu akumbuke mpumbu.

Kilwa mbili, na visiwa

Ukisema unakwenda Kilwa, eleza Kilwa ipi. Ipo Kilwa ya bara, mji wa Kongo katika ufuko wa magharibi. Na kipo Kisiwa cha Kilwa, kilicho karibu zaidi na Kongo lakini ni mali ya Zambia. Wapo waliojikuta mbele ya ofisa wa uhamiaji na karatasi ya Kilwa isiyo yenyewe.

Kisiwa hicho kina historia. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ya Afrika Mashariki ilifika kanda hii kutafuta pembe za ndovu, shaba na, tuseme ukweli, watumwa. Oktoba 2004, mapigano yalipozuka Kilwa ya bara, watu walivuka kwa mitumbwi kwenda kisiwani na Nchelenge kuokoa roho zao. Kipo pia Isokwe, kisiwa kidogo zaidi, na kusini katika mdomo wa Luapula kipo Chisenga, chenye mafunjo na ndege wengi wa majini.

Ukitaka kutembelea visiwa, panda boti asubuhi. Upepo wa mchana huchafua ziwa ghafla, na boti zetu hupakiwa kupita kiasi. Usione aibu kudai jaketi la kuokolea. Aibu ni ya mwenye boti asiyekuwa nalo.

Mwansabombwe: Kwa Mwata Kazembe

Kusini mwa Nchelenge, kwenye barabara kuu ya kwenda Mansa, iko Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda. Hapa mrejeaji kutoka Katanga hapaswi kujiona mgeni. Walunda hawa walitoka kwa Mwata Yamvo, katika nchi ambayo leo ni Kongo, wakavuka Luapula katika karne ya 18 na kuwatawala Washila, wavuvi waliokuwa na ziwa kabla yao.

Kumbukumbu ya safari hiyo ndiyo sherehe ya Mutomboko, inayofanyika mwishoni mwa Julai kila mwaka. Tulibahatika kufika wiki hiyo. Mwata hupakwa unga mweupe, hutoa sadaka kwa mizimu ya mababu kwenye Mto Ng'ona, kisha hubebwa juu ya machela mbele ya umati hadi uwanjani. Hapo ngoma zinabadilika, naye anacheza akiwa na upanga na shoka. Nimeona sherehe nyingi za kiserikali zenye hotuba ndefu. Hii ni ya miguu na ngoma, na vumbi lake hutalisahau.

Biashara ya mpakani hapa si jambo la jana. Mwaka 1798 Mreno Francisco José de Lacerda alifika kwa Kazembe kutoka Tete akitafuta njia ya kuunganisha pwani mbili za Afrika, akafia hapo. Mwaka 1806 Waafrika wawili, Pedro João Baptista na Amaro José, walifika kutoka Angola, na hawakuingia Tete mpaka mwaka 1811. Dakta Livingstone alipofika Novemba 1867 alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara kutoka upande wa Waswahili, aliyekuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Kwa hiyo wewe unayelalamika kwamba umezuiliwa mpakani siku mbili, una ndugu katika historia.

Jirani tu iko Mbereshi, misheni ya mwaka 1900 ya London Missionary Society, ambako Mabel Shaw alianzisha shule ya wasichana mwaka 1915. Mwalimu yeyote apitaye asimame hapo kidogo.

Kawambwa: Nchi ya maporomoko

Kutoka Mbereshi barabara inapanda mlima kuelekea Kawambwa. Joto la bonde linabaki nyuma, na hewa inakuwa baridi. Kabla ya mji kuna njia ya kwenda Ntumbachushi, maporomoko ya Mto Ng'ona, mto uleule wa sadaka za Mwata. Juu yake kuna mabwawa madogo ambamo watu huoga, na maji yake hayana tope.

Lakini mfalme wa kanda hii ni Lumangwe. Unashika barabara ya Mporokoso. Kwa wasio na gari, pikipiki za kukodi zipo Kawambwa. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda. Maporomoko yanaanguka zaidi ya mita 30 kwa upana unaozidi mita 100, mvuke unapanda, na msitu unaoyazunguka haukauki. Wenyeji wanamlinganisha na Mosi-oa-Tunya, akiwa mdogo mtu. Wanasimulia kwamba nyoka mkubwa, mzimu aitwaye Lumangwe, amejinyoosha toka hapa hadi Kabwelume, maporomoko yanayofuata kilomita chache chini ya mto. Kabwelume nayo ina ngazi za maji kila upande, na wapo wanaoipenda kuliko kaka yake.

Tulisimama pale, mimi na kijana wangu, nguo zikilowa. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Na ninyi mlikuwa hapa karibu miaka yote ile?"

Nikamwambia kweli: tulikuwa karibu. Kanuni za wakati ule zilimtaka mkimbizi awe na kibali cha kutoka kambini, na kibali kilitolewa kwa sababu maalumu. Hakuna aliyeandika katika fomu kwamba anakwenda kutazama maji. Na hata kama kingetolewa, nani alikuwa na moyo wa kutazama maji? Lakini niliongeza jambo ambalo nimelifikiri baadaye. Karatasi ilitufungia miguu. Macho tuliyafunga wenyewe, kwa sababu kuipenda nchi ya ugenini tuliona kama kuikana ya kwetu. Nilikosea. Mtoto wangu ana haki ya kuwa na Pweto na Lumangwe pamoja.

Kusini zaidi

Kwa mwenye siku za ziada, Mansa ni mji mkuu wa mkoa wa Luapula, na kutoka hapo barabara inakwenda Samfya, kwenye Ziwa Bangweulu. Ufuko wa Samfya ni mchanga mweupe, na upande wa pili hauonekani, maji na mbingu vinaungana. Katika ardhi oevu ya Bangweulu kuna swala weusi waitwao lechwe na ndege shoebill, mwenye mdomo mfano wa kiatu, ambaye wazungu wanavuka bahari kumtazama. Wanaotoka Copperbelt hupita kipande cha Kongo na kuvuka daraja la Chembe, lililochukua nafasi ya kivuko mwaka 2008.

Yafaayo kujua

Nchelenge ni miongoni mwa sehemu zenye malaria kali nchini Zambia, kwa hiyo lala ndani ya chandarua. Kipindupindu kimerudi mara kwa mara katika kambi za wavuvi, chemsha maji. Usioge ziwani popote uonapo pa wazi, kwani mamba wapo. Maporomoko hujaa zaidi Machi hadi Mei, lakini barabara za udongo hukauka vizuri kuanzia Juni. Salimia kwanza, "Mwapoleni mukwai", ndipo uulize bei. Hakikisha muhuri wa kuingia unalingana na siku utakazokaa.

Siku ya kurudi tulipita tena Kashikishi. Mama ninayenunua kwake chisense alishangaa kuniona mikono mitupu. "Mwalimu, leo huna mzigo?" Nikamjibu kwamba nilikuja kumwonesha kijana alikozaliwa. Akamtazama toka kichwani hadi miguuni, akamshika mkono. "Kumbe ni wa hapa. Karibu nyumbani, mwana."

Mwaka 2018 wilaya hii ya Nchelenge ilifungua makazi ya Mantapala, kwa waliokimbia mapigano ya mwaka 2017 kule kwetu. Humo wapo watoto ambao siku moja watarudi, watakuwa walimu na wafanyabiashara, na watoto wao watawauliza kuna nini Nchelenge. Ndugu msomaji, ukiwa na jamaa huko na ukaenda kumtazama, usimpelekee unga peke yake. Kama karatasi zinaruhusu, mchukue siku moja mkaangalie taa za wavuvi usiku. Baadaye atakuwa na jibu ambalo mimi sikuwa nalo.