Kusoma Tope la Ziwa Tshangalele

Mvuvi wa Kapolowe, kwenye Ziwa Tshangalele huko Katanga, Kongo, akiusukuma mtumbwi kwa upondo, ncha ya upondo huzama kwenye tope laini. Chini ya tope hilo umelala udongo wa bonde la Lufira kama ulivyokuwa kabla ya 1930, mwaka bwawa la Mwadingusha lilipoanza kuzalisha umeme wa migodi na maji yakatanda bondeni. Mwaka mmoja kabla yake, kiwanda cha Shituru, Likasi, kilikuwa kimeanza kusafisha shaba kwa asidi ya salfa. Ziwa na kiwanda ni rika moja. Kila kilichotoka kiwandani kikateremka na mto, ziwa limekipokea tabaka juu ya tabaka.

Maji machafu ya usindikaji huwa na asidi, na asidi huyeyusha shaba, kobalti na zinki. Yakichanganyika mtoni na maji yaliyopita kwenye miamba ya chokaa, ukali wake hupungua. Metali hujitenga na maji, zikashikamana na chembe za mfinyanzi na kutu ya chuma na manganizi. Mto Panda hubeba chembe hizo hadi Lufira. Ziwani mkondo hulegea, mzigo ukatua.

Ili kuupima mzigo huo, watafiti huzamisha bomba kwenye tope, hulitoa likiwa limejaa, hukata vipande, hukausha na kuchekecha. Chembe ndogo ndizo zinazopimwa, kwa kuwa ndizo hubeba metali nyingi zaidi. Kazi ngumu huja baadaye: kulinganisha na nini? Ardhi ya Katanga ina shaba kwa asili. Viko vilima ambako miti haimei, humea mimea michache tu inayovumilia shaba. Ukitumia wastani wa miamba ya dunia, hata kijito kisichoguswa kitahesabiwa kichafu, na mchafuzi halisi atajificha nyuma ya maumbile. Kipimo cha haki kiko mwisho wa bomba, katika udongo uliotangulia ziwa.

Mtafiti Mjerumani, Müller, alitoa kanuni ya kulinganisha huko mwaka 1969: gawa kiasi cha leo kwa kiasi cha asili kilichozidishwa mara 1.5, ili kuachia nafasi tofauti za miamba. Tuseme udongo wa zamani una 100, tope la juu lina 300. Jibu ni 2, mpaka ambapo uchafu wa wastani huanza. Jibu likivuka 32, tope limechafuka kupindukia.

Lakini wingi pekee hautoshi. Metali iliyofungwa ndani ya jiwe haina pupa ya kutoka. Iliyonata juu ya kutu hutoka upesi. Hewa ikiisha ndani ya tope, kutu ya manganizi huyeyuka na kuiachia kobalti. Humo huishi konokono na wadudu wanaoliwa na kambale. Na kambale huishia sahanini, kando ya bukari, yaani ugali.

Kobalti imepimwa hata miilini mwa watu. Mwaka 2009, watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti nyingi kuliko walioishi mbali.

Sehemu ya bonde la Lufira ni hifadhi ya UNESCO tangu 1982. Hadhi hiyo inadai tope lipimwe mara kwa mara, na majibu yasomwe kwa Kiswahili pale mitumbwi inapofika na samaki, mama wa nyumbani wakisikia.